Tochi ya Kwendea Msamala

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo wanamaanisha wanapenda familia. Mimi namaanisha kwamba ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni nataka niwe nimevua viatu, nimekaa kwenye kiti changu chenye mguu mmoja mfupi, na mlango umefungwa. Nilipomaliza kidato cha nne niligoma kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha kwa sababu niliambiwa kule watu wanarudi nyumbani saa nne usiku. Nikajifunza kushona. Cherehani haikutumi popote.

Kwa hiyo mke wangu alipokwenda kujifungulia kwao Msamala, hapa hapa mjini Songea, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza, nilidhani nitapumzika. Siku tatu nilipumzika kweli. Siku ya nne nikaanza kuhamisha kiti. Nilikiweka dirishani, nikakirudisha, nikakipeleka mlangoni, nikakaa nikitazama pale kilipokuwa mwanzo. Nyumba yetu ya Bombambili ni vyumba viwili tu, lakini nilikuwa navizunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Nikilala naamka kuangalia kama nimefunga mlango, nakuta nimefunga, narudi kitandani, halafu nawaza: hivi nimeangalia, au nimeota nimeangalia? Ugali nikaanza kuula nimesimama.

Arobaini ikaisha. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Kwa watu wa ukoo wa mke wangu, mzazi na mtoto hawatoki mpaka baba wa nyumba ataje siku. Si mama mkwe, si mke wangu, na wala si mimi niliyedhani mtoto ni wangu. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda, nikamkuta mzee, baba mkwe wangu, amekaa nje anachonga mpini wa jembe. Nasema shikamoo, anasema marahaba. Nazungukazunguka na habari za mvua, za mahindi, za bei ya mbolea, mpaka nafika kwenye habari ya siku. Naye anapuliza vumbi la mti kwenye mpini ule na kusema, "Tutazungumza."

Hatukuzungumza.

Siku moja mke wangu akanipigia simu, akicheka kabla hajasema.

"Baba anauliza kama jioni huwa unafungiwa pamoja na kuku."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia kuku huwa bado wako nje."

Mzee alikuwa na haki ya kunisema. Mkwe anayetaka watu wake huonekana jioni pia, akitoka kazini, na sabuni au sukari mkononi. Mimi nilikuwa mkwe wa jua. Lakini kazi yangu iko Majengo, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na ulikuwa msimu wa sare za shule. Tulikuwa tunafunga cherehani giza limeshaingia. Kutoka pale hadi Msamala una lami yenye taa, sawa, halafu unaiacha lami na kuingia kwenye kinjia kinachopita nyuma ya nyumba, kina mtaro upande mmoja na migomba upande wa pili, na taa hakuna hata moja. Bodaboda sipandi. Nilipanda mara moja, nikashuka nikiwa nimemkumbatia mtu nisiyemjua kwa mapenzi ambayo mke wangu hajawahi kuyapata.

Nilikuwa na baiskeli. Na nilikuwa na simu yangu ya kitochi. Nilijaribu mara mbili kwenda jioni, kitochi nimekibana kwa meno, mikono kwenye usukani. Sasa, kwenye vinjia vyetu kuna mambo mawili ambayo mtu mwenye adabu huyafanya akikutana na mwenzake gizani. Anaifunika taa yake kwa kiganja, ubaki wekundu wa vidole tu, asimtie mwenzake upofu. Na anasalimia, kwa sababu gizani sauti ndiyo sura. Mimi kwa tahadhari nilikuwa nampa kila mtu shikamoo. Safari ya kwanza shikamoo yangu ilipokelewa na mtoto wa darasa la pili hivi, akaniitikia "marahaba" kwa utulivu kabisa, akaendelea na njia yake. Safari ya pili, kwa sababu ya simu mdomoni, ilitoka "hikamoo," na mama mmoja akaniuliza kama jino limeanza leo au jana. Nikaacha.

Ndipo mzee akatuma neno. Mke wangu akalifikisha kama lilivyo: "Aje Jumatano jioni, tutazungumza." Halafu akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Jioni, umesikia? Usije ukaja saa tisa ukasema ulidhani ni jioni."

Jumatano ile nilishona vibaya. Niligeuza mfuko wa suruali ya mtoto wa watu, ukaangalia nje. Mchana nikaenda kwa jamaa anayeuza vitu vya umeme jirani na kibaraza chetu, nikamwambia nataka tochi, si ya mchezo. Akatoa moja nyeusi, nzito kama mchi wa kinu kidogo.

"Hii ni LED, fundi. Ya kuchaji."

"Inamulika mpaka wapi?"

"Wewe unakwenda wapi?"

"Msamala."

"Itafika kabla yako."

Akanionyesha kitufe. Bonyeza mara moja, mwanga mkali. Mara ya pili, hafifu. Ya tatu, inamemeteka kama ukumbi wa harusi. Ya nne ndiyo inazima.

"Mbona kuzima kumewekwa mbali hivyo?"

"Kaka, nani ananunua tochi ili aizime?"

Nikalipa. Nikaifunga kwenye usukani kwa vipande vya tyubu, nikavuta, nikafunga fundo, nikafunga jingine juu ya fundo. Mimi ni fundi nguo; nikikaza kitu kinakaa. Ilitazama mbele moja kwa moja, wima, kama polisi.

Saa moja na nusu hivi nikaondoka. Kwenye lami sikuona tofauti. Nilipoingia kwenye kinjia nikabonyeza, na nataka nikiri kwamba nilitoa sauti. Si kelele; ni kama mguno wa mtu aliyeletewa sahani kubwa kuliko alivyotarajia. Niliona kila kitu. Niliona kokoto na kivuli cha kokoto. Niliona macho ya mbuzi ambaye kwa miaka yote nilikuwa nampita bila kujua yupo. Niliona chura akifikiria. Mambo mengine ni afadhali nisingeyaona, lakini miguu ilikuwa imeshapata moto, nikakanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa, huku nasema kwa sauti hotuba yangu: "Baba, nimekuja kwa heshima... Baba, kama unavyojua, arobaini..." Sikuipenda. Nikaianza upya. Nikaianza tena.

Watu niliokutana nao walijikinga nyuso kwa mikono. Mmoja alisema, "Shusha taa, wewe!" Sikushusha, nilikuwa nimefunga mafundo mawili. Kufunika kwa kiganja nisingeweza bila kuachia usukani, lakini ukweli ni kwamba hata sikukumbuka. Na sikumsalimia mtu. Nilikuwa nawaona wote vizuri, sasa salamu ya nini? Haikunijia akilini kwamba wao walikuwa hawanioni mimi kabisa. Kwao nilikuwa jua linalopiga pedali.

Karibu na kalavati alitokea mtu wa baiskeli, mbele yangu, bila taa yoyote. Nilimwona kama picha: shati jeupe, mkono umeinuka kufunika macho, gurudumu limekwenda upande. Halafu pale alipokuwa hapakuwa na mtu. Kukasikika kishindo cha chuma ndani ya mtaro, na juu ya kishindo kile, kengele. Si kengele ya kulia "kring". Ilisema "kre," mara moja, kwa uchovu.

Songea nzima kengele ya namna ile ni moja. Nilikuwa naisikia kila Jumapili, mzee akiisogeza baiskeli yake nyeusi kivulini. Yeye hatembei na taa. Husema kinjia kile alikijua kabla nyumba hazijakijua.

Nilifunga breki. Mwanga ulikuwa umemwangukia pale chini, kwenye mtaro, amelala chali, mguu mmoja juu ya fremu ya baiskeli. Na hapa naomba unielewe kabla hujanihukumu. Mkwe mwanamume kwetu hamtazami baba mkwe akinawa. Ukimkuta njiani unampisha. Akicheka na wenzake, unajifanya unasoma kitu. Sasa huyu wangu alikuwa ameelekeza kisigino mbinguni, na mimi ndiye niliyemmulika kama sungura shambani. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa: zima, asionekane. Nikabonyeza. Mwanga ukawa hafifu. Nikabonyeza tena. Ukaanza kumemeteka, mzee akawa anaonekana na kupotea, anaonekana na kupotea, kisigino, giza, kisigino, giza. Nikabonyeza tena na hatimaye ukazima.

Kutoka mtaroni sauti ikasema, "Nani wewe?"

Nikaisukuma baiskeli, nikapita. Nyuma yangu nilimsikia akisonya, nikajiambia mtu anayesonya ni mzima. Nilijiambia pia kwamba nimefanya vile kwa heshima, kwamba mzee asingependa kuinuliwa matopeni na mkwe wake. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Nusu nyingine ilikuwa hofu tu, nami nilizichanganya njia nzima hadi nikashindwa kujua ipi ni ipi.

Nilipofika nilikata mafundo yale kwa wembe wangu wa kazini, nikaitia tochi mfuko wa jaketi. Mama mkwe akanipokea mlangoni. Nikamsalimia nikitazama sakafu.

"Marahaba, karibu. Baba yako yuko wapi?"

"Baba?"

"Ametoka kukupokea kule barabarani. Kasema asije mkwe akaogopa giza akageuza. Hamkukutana?"

Ulimi wangu ukawa mzito kama nimerudisha kitochi mdomoni. "Kulikuwa na giza sana, mama," nikasema.

Wakaniketisha. Mke wangu akanitazama kwa namna ya mtu anayeona kitambaa kimekatwa vibaya lakini hajajua wapi, akanipa mtoto. Kilo zile chache zilinitulia mapajani, nami sikutulia hata kidogo. Nilisikiliza nje. Jani la mgomba lilikuwa yeye. Mbwa alikuwa yeye. Nilianza kuwaza kwamba mtu anaweza kusonya na bado akawa amevunjika nyonga. Nikataka kusimama niseme, twendeni tukamtafute. Nikafungua mdomo mara mbili. Mara ya pili mama mkwe akadhani naomba chai.

Halafu nje, "kre."

Akaingia. Nyasi kichwani, goti moja lina tope, na mguuni kiatu kimoja tu, kile cha ngozi kisicho na kamba alichokuwa akikivaa Jumapili. Alikuwa amevaa viatu vya misa kuja kunipokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika."

"Nimefika."

"Umepita njia gani?"

"Hii hii, baba."

Mama mkwe alishasimama. "Umefanyaje wewe?"

"Lori," mzee akasema, akakaa.

"Lori gani?"

"Lori. Limekuja na taa zote, sikuliona hata rangi. Nimelipisha."

"Lori limepita wapi kwenye kinjia kile? Mkokoteni wenyewe unapita kwa kuomba."

"Limepita," akasema, kwa sauti ya kufunga mjadala.

Nilimshukuru Mungu kwa lile lori. Nikainama kumtazama mwanangu, kama baba mwenye mapenzi. Naye akajinyoosha vile watoto wachanga wanavyojinyoosha, kisigino chake kikasukuma mfuko wa jaketi langu, pale hasa palipo na kitufe.

Jaketi likawaka. Mwanga ulitoka kwenye mdomo wa mfuko, ukapanda ukutani, ukapita picha ya Bikira Maria, ukaishia kwenye dari. Nikapenyeza mkono, nikabonyeza: hafifu. Nikabonyeza: chumba kizima kikawa harusini. Nikabonyeza: giza mfukoni. Mkali, hafifu, kumemeteka, kuzima. Ukimtoa aliyeniuzia, duniani kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine aliyewahi kuuona mfuatano huo kwa ukaribu, na alikuwa amekaa mbele yangu na kiatu kimoja.

Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe lori limeegeshwa humu ndani."

Mzee hakucheka. "Nilikuuliza wewe nani," akaniambia. "Ukanisikia?"

"Nilikusikia, baba."

"Ulinitambua?"

"Nilitambua kengele. Nikaona si vizuri mimi nikukute chini. Nikazima taa."

"Baada ya kunipigia disko."

"Kuzima kuko mbali, baba."

Mke wangu alinichukulia mtoto mikononi, na hilo lilinichoma kuliko maneno. Mwisho mzee akanyoosha mkono. Nikampa tochi. Akaigeuza, akaipima uzito, akaiweka nyuma ya kiti chake.

"Hii itabaki hapa. Na leo hatuzungumzi."

Ndivyo ilivyokwisha hotuba yangu, hata sikufika kwenye arobaini. Mke wangu alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli. Nilitarajia anitanie, maana ndiyo namna yetu ya kupatana. Akasema tu, taratibu, "Ulimwacha baba yangu mtaroni. Kama angekuwa amevunjika?"

"Alisonya," nikasema.

"Alisonya," akarudia, akaingia ndani.

Nikaondoka naikokota baiskeli. Nilikuwa naitamani nyumba yangu, kiti changu, mlango. Halafu nikawa siitamani, kwa sababu nilijua nitakachokwenda kufanya ndani yake: kuamka na kuangalia kufuli, na kusikia "nani wewe" toka kila pembe, na kukaa hivyo wiki ngapi zaidi, Mungu ndiye anajua. Kwenye kalavati nikasimama. Nikabana kitochi kwa meno, nikashuka mtaroni.

Maji yalikuwa ya baridi ya Songea, ile inayopanda mpaka magotini bila hodi. Nilipapasa tope, nikapata chupa, nikapata kitu laini nikakiacha. Juu ya njia ikaja taa, ikafunikwa kiganja, vidole vikawa vyekundu.

"Hikamoo," nikasema.

"Marahaba," ikajibu sauti ya mama mtu mzima. "Unatafuta nini humo?"

Nikatoa simu mdomoni. "Kiatu cha mkwe wangu."

"Mkwe wako alikuwa anafanya nini mtaroni?"

"Alikuja kunipokea."

Akafikiri kidogo. Kisha akaondoa kiganja, akaielekeza taa yake chini nilipokuwa, akanishikia bila kuuliza tena. Kiatu kilikuwa kimejipachika chini ya mzizi, kimejaa maji. Nilipopanda, mama yule akasema pole, sijui kwa kiatu au kwa mkwe, akaenda zake.

Kwenda Bombambili ilikuwa kushoto. Nilijua hata harufu ya kitanda changu ilikuwa kushoto. Nikageuza baiskeli kulia, gizani, kitochi kimelilia chaji mpaka kimezima, nikarudi nilikotoka, nikisalimia kila kivuli. Kimoja kilikuwa mgomba. Nikausalimia vilevile.

Nyumba ilikuwa imeshafungwa. Nikagonga.

"Nani wewe?" Ilikuwa sauti ya mzee, maneno yale yale, kwa mkato ule ule.

Nikakumbatia kiatu.

"Ni mimi, baba. Lile lori. Nimeleta kiatu."

Ndani nikasikia mama mkwe akicheka na kujiziba, na komeo likavutwa. Mzee alikuwa na tochi yangu mkononi, na kiganja chake kikubwa kimeifunika, mwanga wote umebaki mwekundu kati ya vidole. Akapokea kiatu, akamwaga maji kizingitini, akaitazama miguu yangu yenye tope mpaka magotini, akaitazama tena.

"Umerudi bila taa."

"Ndiyo, baba."

"Jumamosi," akasema. "Njoo uwachukue. Mchana."

Akafunga mlango. Nikasimama pale nje nikisikiliza ndani: bonyezo moja, la pili, mwanga wa harusi ukapita chini ya mlango, kisha mzee akauliza, "Hivi hii inazimwaje?"